Mguu Unaojua Mlima



Katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume, Petro na Yohane wanapanda kwenda hekaluni saa ya sala. Wanamkuta mtu aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa, ameketi kwenye mlango uitwao Mzuri, akiomba sadaka. Habari hiyo tunaisikia kila mwaka Jumatano ya Oktava ya Pasaka. Ndani yake kuna jambo dogo ambalo masikio hulipita haraka. Luka hasemi tu kwamba miguu ya mtu yule ilipona. Anataja nyayo, kisha anataja vifundo vya miguu, kwamba vilitiwa nguvu. Neno la Kigiriki analolitumia kwa kifundo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Wakolosai, anamwita Luka tabibu, na hapa tabibu anatambulika kwa jicho lake. Anajua kwamba mguu bila kifundo chenye nguvu haumfikishi mtu mbali.

Sisi mafrateri tumejifunza maana ya mstari huo kwa njia ya utume wetu katika milima ya Uluguru.

Kila mwisho wa juma tunatumwa vigangoni. Baadhi yetu hubaki vigango vya mjini Morogoro, ambako ardhi ni tambarare, na wengine hupanda. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha juu kabisa cha Uluguru, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Kati ya hapo na hapo kuna mashamba, nyumba, makanisa madogo na njia za miguu. Huko Mgeta watu wamechonga miteremko kuwa ngazi za kulimia mboga. Upande wa Matombo na Kinole wanashusha ndizi, iliki, mdalasini na pilipili manga. Mtu anayeishi huko hatembei hatua mia bila kupanda au kushuka. Njia ni nyembamba, ina mawe na mizizi, na wakati wa masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

Katika kigango kimoja cha juu tunahudumu pamoja na katekista ambaye alikatwa mguu wa kulia juu ya goti, baada ya ajali ya lori la mazao. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa ametuomba hivyo. Waamini humwita Mwalimu, nasi tunamwita hivyo hivyo. Paroko hufika kigangoni mara chache kwa mwezi, kwa hiyo Dominika nyingi ni Mwalimu anayeongoza Ibada ya Neno, anayefundisha wakatekumeni, anayetembelea wagonjwa na kwenda msibani. Alipopata mguu bandia, Jumuiya zote zilishangilia. Miezi michache baadaye mguu ule ulikuwa umetundikwa ukutani kwa mkanda wake, na Mwalimu alikuwa amerudia magongo mawili.

Tulipomuuliza, alijibu kwa upole: "Wanangu, huu ni mguu wa mjini. Haujui mlima."

Katika halmashauri ya kigango yalianza kusikika maneno kwamba Mwalimu apumzike, atafutwe mwingine mwenye miguu miwili. Waliosema hivyo hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanamhurumia. Lakini yeye hakuomba kupumzika, na hakukuwa na mwingine aliyejua nyumba za wagonjwa wote wa kigango kile. Ndipo tukaanza kuuliza mguu bandia unafanyaje kazi, na kwa nini unaoweza kutembea Msamvu ushindwe kutembea mlimani.

Goti lisilo na msuli

Mtu aliyekatwa chini ya goti bado ana goti lake. Aliyekatwa juu ya goti amepoteza viungo viwili kwa pamoja, goti na kifundo, na vyote viwili lazima vibadilishwe kwa vifaa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Tazama mtu mzima anavyotembea. Kisigino kinagusa ardhi kwanza. Wakati huo uzito wa mwili unalisukuma goti likunjike, na misuli mikubwa ya mbele ya paja inakaza ili lisikunjike kupita kiasi. Kisha unyayo wote unalala chini, ugoko unainama mbele polepole juu ya kifundo, na mwishoni misuli ya nyuma ya mguu inausukuma mwili mbele kwa ncha ya unyayo. Sehemu kubwa ya nguvu ya kusogea mbele hutoka hapo, kwenye kifundo.

Goti bandia la kawaida halina msuli wa kulizuia. Mwenye mguu huo analizuia kwa nyonga yake. Anavuta kipande cha paja kilichobaki kwenda nyuma, ndani ya soketi, ili goti libaki limenyooka. Akichelewa kidogo, goti linakunjika naye anaanguka.

Hapa ndipo kifundo kinapoingia. Hatari ya goti kukunjika ni kubwa zaidi katika muda ule mfupi ambapo kisigino peke yake kiko chini. Unyayo ukishalala wote, nguvu ya ardhi inasogea mbele na goti linatulia. Kwa hiyo kadiri unyayo unavyowahi kulala, ndivyo goti linavyokuwa salama. Fundi anayemtengenezea mguu mtu aliyekatwa juu ya goti anapochagua kifundo, anachagua pia usalama wa goti.

Mguu bandia unaotumika sana katika nchi zetu ni ule wenye kifundo kisichokunjika na kisigino cha sponji au mpira laini. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1950. Hauna bawaba, ni wa bei nafuu, na hakuna cha kulegea. Kisigino kinabonyea, na kule kubonyea kunafanya kazi ya kifundo. Kisigino kikiwa laini, unyayo unawahi kulala. Kikiwa kigumu, mguu wote unasukumwa mbele kama mti, na goti linakunjika. Kuna aina nyingine yenye bawaba moja kwenye kifundo, na vipande vya mpira mbele na nyuma vya kupunguza kishindo. Hiyo huwahi kulaza unyayo, na kwa sababu hiyo mafundi wengi huipenda kwa watu waliokatwa juu ya goti. Lakini ni nzito zaidi, na bawaba yake inataka kuangaliwa, kwa sababu mchanga na tope huimaliza.

Kupanda na kushuka

Haya yote ni kwa ardhi tambarare. Mlimani hesabu inabadilika.

Msomaji aliyewahi kufungwa plasta ngumu ya hospitali kutoka goti hadi vidoleni atatuelewa mara moja. Katika kushuka, ardhi inaukimbia unyayo. Kifundo cha kawaida kinajikunjua ili ncha ya unyayo iifuate ardhi. Kifundo kisichokunjika hakiwezi, hivyo ili unyayo ulale, ugoko wote unalazimika kusukumwa mbele, na goti linasukumwa nalo. Mwenye goti lake atalizuia kwa misuli. Mwenye goti bandia anaweza kujikuta ameketi chini kabla hajajua kilichotokea. Ndiyo maana wengi hushuka kiubavu, au huteremka hatua moja moja, mguu bandia ukitangulia na mguu mzima ukifuata.

Katika kupanda shida ni nyingine. Hapa kifundo kinatakiwa kukunjika ili ugoko uiname mbele kuufuata mlima. Kisipokunjika, ugoko unabaki nyuma, na mtu anakuwa kama anayepanda ukuta. Goti halikunjiki, kwa hiyo haanguki, lakini kila hatua inamtaka auinue mwili wote kwa mguu mmoja. Kisha anapoubeba mguu bandia kwenda mbele, ncha yake inaning'inia na kujikwaa kwenye mawe. Ili isijikwae, anainua nyonga, au anauzungusha mguu kwa nje, au anajiinua kwa vidole vya mguu mzima. Akifanya hivyo mara elfu moja kwa siku, mgongo na nyonga vinauma. Mguu mzima nao unachakaa kabla ya wakati wake.

Mwalimu alitueleza haya yote kabla hatujayasoma popote. Alisema: "Nikipanda, mguu unanirudisha. Nikishuka, unanisukuma." Hatukupata maelezo bora kuliko hayo.

Kuna jambo la tatu ambalo ni dogo kwa kulisikia. Mguu bandia hupangwa kulingana na kimo cha kisigino cha kiatu. Mwalimu alipimwa akiwa na viatu vya ngozi vya Dominika, vyenye kisigino. Shambani alivaa ndala. Kisigino kikishuka, mguu wote unalala nyuma, na hata tambarare inakuwa mlima wa kupanda. Kiatu kikiwa na kisigino kirefu kuliko kilichopangwa, mguu unainama mbele na goti linakosa usalama.

Mguu unaotokana na maisha ya watu

Katika nchi tajiri kuna vifundo vinavyojirekebisha. Vingine vina mafuta ndani yanayopita polepole kwenye matundu madogo, hivyo unyayo unaifuata ardhi iliyoinama. Vingine vina kompyuta ndogo na betri, na vinaitambua ngazi au mteremko vyenyewe. Kuna pia nyayo za kaboni zinazopinda kama upinde na kurudisha nguvu. Mmarekani Van Phillips alianza kuzitengeneza katika miaka ya 1980, baada ya yeye mwenyewe kupoteza mguu akiwa kijana. Vifaa hivi vinasaidia kweli, lakini bei yake haifikiki kwa mkulima wa Uluguru, na betri inahitaji umeme.

Ipo historia nyingine inayotupa matumaini. Mwaka 1968, katika mji wa Jaipur nchini India, fundi aitwaye Ram Chandra Sharma alishirikiana na daktari wa mifupa, Pramod Karan Sethi, kutengeneza mguu wa mpira. Waliona kwamba wakulima waliopewa miguu ya kizungu walikuwa wanaiacha. Iliwataka wavae viatu, nao walitembea pekupeku. Haikuwaruhusu kuchuchumaa, nao walichuchumaa kupika, kula na kuongea. Iliharibika majini, nao walilima mpunga. Basi wakatengeneza mguu unaopinda kila upande, usiohitaji kiatu, usioogopa maji. Ubora wa mguu ule ulianza pale walipotazama jinsi watu wanavyoishi.

Sisi Watanzania pia tuna hazina yetu. Tangu mwaka 1981, pale KCMC mjini Moshi, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna huduma hizo Taasisi ya Mifupa Muhimbili na CCBRT. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 200, na kwa mtu wa mlimani safari hiyo huanza kwa saa kadhaa za kushuka kwa miguu. Ndiyo maana wengi wakishapewa mguu hawarudi tena kuurekebisha. Nao mguu bandia haumaliziki siku ya kukabidhiwa. Kipande cha paja hupungua unene, soketi inalegea, mpira wa kisigino unachakaa kwa joto, maji na tope. Kifaa hiki kinataka kurudiwa, kama jembe linavyotaka kunolewa.

Wanajumuiya walichanga nauli. Mmoja wetu alimsindikiza Mwalimu hadi kwa fundi, naye alibeba vitu viwili ambavyo fundi hakuwahi kuviona: ndala na buti alizovaa shambani, na picha za njia ya kutoka nyumbani kwa Mwalimu hadi kanisani. Fundi alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Kisha akabadilisha unyayo, akaweka wenye kisigino laini zaidi, akaupanga upya mguu kwa kimo cha buti za shambani, na akaweka goti ambalo mwenyewe anaweza kulifunga kwa mkono anapofika penye mteremko mkali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha namna ya kushuka kiubavu kwa fimbo moja. Hapakuwa na kompyuta wala kaboni.

Matokeo tuyaseme kama yalivyo. Mwalimu sasa anakwenda kanisani kwa mguu wake wakati wa kiangazi. Masika, udongo ukilowa, anaurudisha mguu ukutani na kuchukua magongo, maana hakuna kisigino kinachoshinda utelezi ule. Anatembea taratibu na anachoka kuliko sisi. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba mtu aliyekatwa juu ya goti hutumia nguvu nyingi zaidi kwa umbali ule ule, naye hupunguza mwendo ili aimudu kazi hiyo. Lakini maneno ya kumpumzisha yamekwisha, na Pasaka iliyopita wakatekumeni wake walibatizwa.

Kupiga goti

Jambo hili lina upande mwingine unaotugusa sisi tunaojiandaa kwa altare. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 274, yanasema kupiga goti ni kulikunja goti la kulia mpaka chini. Goti la kulia la Mwalimu ni la chuma. Mara chache amejaribu, na kuinuka kumemtaka ashike benchi. Maelekezo hayo hayo, namba 43, yanamruhusu asiyeweza kupiga magoti wakati wa mageuzo kwa sababu ya afya abaki amesimama, na yanamwelekeza ainame sana kuhani anapopiga goti baada ya mageuzo. Mama Kanisa hakuusahau mwili wa mtu.

Haikuwa hivyo sikuzote. Kitabu cha Walawi, sura ya 21, kilimzuia mzao wa Haruni aliyevunjika mguu asisogee kutoa sadaka. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 nao ulihesabu kasoro za mwili miongoni mwa vizuizi vya Daraja Takatifu, pale zilipomfanya mtu ashindwe kuhudumu altareni kwa usalama na heshima. Mkusanyo wa mwaka 1983 haukuweka tena kizuizi hicho. Askofu bado anatakiwa kupima kama mwombaji ana sifa za kimwili na kisaikolojia zinazofaa, lakini mguu uliokatwa peke yake haumwandiki mtu nje ya orodha. Nasi tunamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyevunjwa mguu kwa kombora huko Pamplona mwaka 1521, akabaki akichechemea maisha yake yote, na bado akajiita msafiri wa hija.

Tunarudi kwa mtu wa mlango Mzuri. Kwa miaka mingi alibebwa na kuwekwa nje. Vifundo vyake vilipopata nguvu, jambo la kwanza alilofanya ni kuingia hekaluni pamoja na Mitume. Kifundo kilikuwa njia ya kuingia. Kanisa letu likijengwa juu ya ngazi 20 zisizo na mahali pa kushika, tumemweka mtu yule tena nje ya mlango, hata kama tunampa sadaka kila Dominika.

Tunaomba mambo matatu kwa wasomaji wetu. La kwanza, katika parokia yako yupo mtu mwenye mguu bandia uliotundikwa ukutani. Usimwambie avumilie, wala usimlaumu kwa uvivu. Muulize unamshinda wapi: akipanda, akishuka, au akisimama. Jibu lake ndilo fundi analolihitaji. La pili, Jumuiya ikichangia mguu bandia, ichangie pia nauli ya kurudi kuurekebisha, na viatu vya kila siku viende pamoja na mgonjwa kwa fundi. La tatu ni kazi ya mikono. Wiki mbili kabla ya Pentekoste, vijana wa kigango cha Mwalimu pamoja nasi tulichimba vidaraja kwenye mteremko ulio karibu na kanisa, tukaweka mawe, na tukafunga mianzi kandokando kama mahali pa kushika. Kazi ilichukua Jumamosi moja. Tuligundua baadaye kwamba wanaoishika ile mianzi zaidi ni akina bibi, na akina mama wanaoshuka na watoto mgongoni na ndizi kichwani.